Shakahola: Ukristo unafundisha nini kuhusu mtu anayeutoa uhai wake?

Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya waliingia katika msitu wa Shakahola, ulioko bara kutoka mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, baada ya kupata taarifa kwamba wako watu wanaojinyima chakula hadi kufa. Baadhi yao waliwakuta hai, lakini wamedhoofu kiasi cha kushindwa kusimama. Siku chache baadaye kazi ya kufukua makaburi ikaanza. Ilipofika mwisho wa mwaka huo, zaidi ya miili 400 ilikuwa imetolewa katika makaburi ya kina kifupi yaliyotawanyika vichakani, na sehemu kubwa ilikuwa ya watoto.

Mhubiri Paul Nthenge Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa lililoitwa Good News International, anashtakiwa pamoja na wenzake kadhaa kwa makosa ya kuwaua watoto 191, kuua bila kukusudia, ugaidi na ukatili dhidi ya watoto. Mwaka 2024 waliyakana mashtaka hayo mbele ya mahakama za Malindi na Mombasa. Upande wa mashtaka unadai kwamba wafuasi walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Kuupima ushahidi huo ni kazi ya mahakimu na majaji.

Liko, hata hivyo, swali ambalo hakuna mahakama itakayolitolea hukumu. Habari za Shakahola zilipoenea, viongozi wa makanisa mengi walisema kwa sauti moja kwamba huo si Ukristo. Kauli hiyo ni rahisi kuitoa, lakini haijibu kitu. Watu walioingia msituni walikuwa na Biblia mikononi. Walisali, walifunga, na walizitamani mbingu, na mambo hayo yote matatu hufundishwa katika kila kanisa, Jumapili kwa Jumapili. Basi ni mahali gani hasa ambapo njia ya imani iliachwa, ikashikwa njia ya makaburi?

Kumbukumbu ya Kanungu

Msikilizaji wa Uganda aliyekwisha kupita umri wa ujana hana haja ya kwenda Kenya kulitafuta swali hilo. Tarehe 17 Machi 2000, jengo la ibada la kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu liliteketea kwa moto huko Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi, mamia ya watu wakiwa ndani. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba waumini walijiua kwa pamoja. Lakini katika siku zilizofuata miili mingine ilifukuliwa katika nyumba na viwanja vilivyotumiwa na viongozi wa kundi, nayo polisi ikaanza kuzungumza juu ya mauaji. Hati za kuwakamata viongozi, wakiwemo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, zilitolewa, lakini hakuna aliyepata kufikishwa mahakamani.

Mambo yanayofanana katika visa hivi viwili ni mengi. Waumini waliuza mali zao, walitengwa na ndugu zao, na waliambiwa kwamba siku za dunia zimehesabiwa. Katika Kanungu, kundi lilijivika jina la Amri Kumi, ilhali moja ya amri hizo kumi ndiyo inayokataza kuua. Kuna tofauti pia. Vuguvugu la Kanungu lilichipuka miongoni mwa Wakatoliki, na mmoja wa viongozi wake alikuwa padre aliyetengwa na Kanisa. Kundi la Shakahola lilitokana na makanisa huru ya kilokole. Kwa hiyo ni vigumu kwa dhehebu lolote kuliona jambo hili kuwa ugonjwa wa nyumba ya jirani.

Uhai ni amana

Mafundisho ya Kikristo kuhusu uhai wa binadamu huanzia katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, panaposimuliwa kwamba Mungu aliwaumba mwanamume na mwanamke kwa mfano wake. Kutokana na simulizi hiyo Wakristo walijenga hoja mbili, na zote mbili zinahitajika ili kuielewa Shakahola.

Hoja ya kwanza inajulikana sana: kwa kuwa kila mtu amebeba mfano huo, thamani yake haipimwi kwa nguvu, afya, mali, elimu wala imani yake. Mtoto mchanga na mzee asiyejitambua wanasimama sawa na mfalme.

Hoja ya pili husahaulika. Ikiwa uhai umetolewa na Mungu, basi aliye nao si mmiliki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inamweleza binadamu kuwa ni mtunzaji wa uhai aliokabidhiwa, asiye na mamlaka ya kuufanyia apendavyo. Waprotestanti na Waorthodoksi, ambao hutofautiana na Roma katika mengi, hapa hawana ugomvi nayo. Kiswahili kina neno linalolibeba wazo hili vizuri kuliko lugha nyingi: amana. Mwenye kuwekewa amana anaweza kuitumia na kuitunza, lakini hawezi kuiuza, kuitupa, wala kumrudishia mwenyewe kabla hajaiomba na kisha kudai kwamba amemfanyia hisani.

Msomaji makini atauliza: kama mbinguni ni bora kuliko duniani, kwa nini muumini asiharakishe safari? Swali hili si la kipuuzi, na halikuzaliwa Shakahola. Liliulizwa Afrika miaka 1,600 iliyopita.

Kaskazini mwa bara hili, katika nchi ambazo leo ni Algeria na Tunisia, kulikuwa na kundi la Wakristo wakali walioitwa Circumcelliones. Baadhi yao waliamini kwamba kufa ni njia fupi ya kupata taji la ushahidi, wakajirusha kutoka kwenye majabali. Aliyewajibu alikuwa Mwafrika mwenzao, Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao siku hizi unaitwa Annaba. Katika kitabu chake Mji wa Mungu, alichoanza kukiandika mwaka 413 hivi, alisema kwamba amri inayokataza kuua haikutaja jirani peke yake, hivyo inamkinga hata mtu dhidi ya mkono wake mwenyewe. Kisha akaongeza hoja ambayo ukali wake haujapungua. Kama kufa mapema ili kuepuka dhambi ni jambo jema, alisema, basi saa bora kuliko zote ya kujiua ingekuwa mara tu baada ya ubatizo, mtu akiwa bado hana doa. Mbona basi wahubiri hujichosha kuwafundisha wabatizwa namna ya kuishi? Kwa Agostino, fundisho linaloishia hapo limekwisha kujifichua kuwa ni wazimu.

Mtume Paulo naye alikuwa ameligusa jambo hili kabla yake. Akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, alikiri kwamba anatamani kuondoka akakae na Kristo, kisha akaona kwamba kubaki kunahitajika zaidi kwa ajili ya watu anaowahudumia. Na katika mji huohuo wa Filipi, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, askari wa gereza alipochomoa upanga ili ajiue akidhani wafungwa wametoroka, Paulo ndiye aliyempigia kelele asijidhuru.

Saumu na mlo unaoifuata

Kilichowachanganya wengi katika kisa cha Shakahola ni kwamba silaha iliyotajwa ilikuwa ibada inayoheshimiwa. Kufunga kuna heshima kubwa katika Ukristo, na pia katika Uislamu na Uyahudi. Biblia inasimulia kwamba Yesu mwenyewe alifunga siku 40 jangwani.

Lakini simulizi hiyo haikuishia kwenye njaa. Mwishoni mwa siku hizo, kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, Shetani alimpeleka Yesu juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajitupe chini, akitumia maneno ya Maandiko kumhakikishia kwamba malaika watampokea. Yesu alikataa. Ni ajabu kwamba kifungu hiki hakitajwi sana pale Shakahola inapojadiliwa, maana ndani yake muna kila kitu: mtu aliyefunga, andiko lililopindishwa, na ahadi kwamba anayejitoa kufa atapokewa na mbingu. Na anayetoa ahadi hiyo ni Shetani.

Kisa kingine ni cha nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya alichoka, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu autwae uhai wake. Jibu alilopata lilikuwa malaika aliyemgusa na kumwambia ainuke ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Eliya alikula akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari yake ilikuwa bado ndefu. Nabii aliomba kifo akaletewa chakula, tena mara mbili.

Ndiyo maana makanisa yenye desturi ya zamani ya saumu yaliiwekea mipaka. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka kufunga watu wazima kuanzia miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wa 60, nayo inaruhusu mlo mmoja kamili katika siku hiyo. Watoto hawahusiki, na wagonjwa wana udhuru. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao hufunga siku nyingi kuliko karibu Wakristo wote duniani, hula baada ya saa za kufunga kupita, chakula kisicho na nyama wala maziwa. Wasikilizaji Waislamu watauona mfanano na Ramadhani: jua likitua mtu hufuturu, na kuchelewesha futari si ucha Mungu. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Saumu, katika dini hizi, hujulikana kwa mlo unaoimaliza. Nabii Isaya alikwenda mbali zaidi, akasema saumu anayoitaka Mungu ni ile ya kumgawia mwenye njaa mkate.

Namugongo na maana ya shahidi

Hoja nyingine inayotumiwa na makundi ya namna hii ni ushahidi wa imani. Kama Kanisa linawaheshimu waliokufa kwa ajili ya Kristo, je, kosa la anayejitolea kufa ni lipi?

Waganda wana jibu lao umbali mfupi kutoka Kampala. Kila tarehe 3 Juni mahujaji humiminika Namugongo, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka nchi jirani, kuwakumbuka Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Waliouawa Namugongo tarehe hiyo mwaka 1886, akiwemo Karoli Lwanga, walichomwa moto. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki hao kuwa watakatifu mwaka 1964. Kitu kimoja kinapaswa kuangaliwa kwa makini katika habari zao: nani aliyeuwasha moto? Mashahidi waliambiwa waiache imani, wakakataa, nao wenye mamlaka wakawaua. Hakuna hata mmoja wao aliyejitafutia kuni. Wala hakuna mwalimu wao aliyewapeleka motoni huku yeye akibaki nje kuhesabu.

Kanisa la mwanzo lilikuwa na msimamo huohuo, na lilijifunza kwa uchungu. Barua ya kale inayosimulia kifo cha askofu Polikarpo wa Smirna, katika karne ya pili, inamtaja mtu aitwaye Quintus aliyejipeleka mwenyewe kwa watawala ili auawe. Alipowaona wanyama wakali akaogopa, akaikana imani. Waandishi wa barua hiyo walisema wazi kwamba hawawasifu wanaojisalimisha. Polikarpo, kwa upande wake, alikubali kufichwa shambani hadi alipokamatwa. Sipriani, askofu wa Karthago, alijificha wakati wa mateso ya mwaka 250, akalaumiwa na baadhi ya watu kwa kufanya hivyo, lakini mwaka 258 alipokamatwa na kutakiwa kuabudu miungu ya Roma hakuyumba, akakatwa kichwa. Hata Injili inamsimulia Yesu akiwaagiza wanafunzi wake kwamba wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine.

Shahidi, basi, ni mtu ambaye angependa kuishi na anaruhusiwa kukimbia. Kinachomfanya asimame ni jambo moja tu, kwamba bei anayotozwa ili aishi ni kuukana ukweli. Msituni Shakahola hapakuwa na mtawala aliyewataka waumini waikane imani yao.

Tena si wote waliokufa huko waliokufa kwa njaa. Uchunguzi wa maiti ulioongozwa na daktari mkuu wa serikali wa uchunguzi huo, Johansen Oduor, ulionyesha kwamba ingawa wengi walikosa chakula, miili mingine, ikiwemo ya watoto, ilikuwa na dalili za kukabwa shingo, kuzibwa pumzi au kupigwa. Neno "kujitolea" linapata shida kubwa mbele ya matokeo hayo.

Watoto, shule na hospitali

Juu ya watoto hakuna haja ya hoja ndefu. Mtoto wa miaka minne hawezi kuweka nadhiri. Hata wanaotetea uhuru mpana kabisa wa kuabudu hawapati njia ya kumfungisha mtu asiyejua anachofunga. Injili ya Marko inasimulia jinsi Yesu alivyomfufua binti wa Yairo, aliyekuwa na umri wa miaka 12, na katikati ya mshangao wa wote waliokuwapo akatoa agizo moja la nyumbani kabisa: mtoto apewe chakula.

Kabla ya njaa kulikuwa na hatua nyingine. Mwaka 2017 Mackenzie alikamatwa kwa tuhuma zilizohusu mafundisho ya kuwazuia watoto kwenda shule, na waliomfuata wanasimulia kwamba hospitali nazo zilihubiriwa kuwa za kishetani. Hapa tena historia ya Wakristo wa Afrika Mashariki inasema vingine. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook. Ile ya Nsambya ilianza mwaka 1903 kwa mikono ya masista Wafransisko. Paulo alisafiri na Luka, ambaye alimwita tabibu, na alimshauri kijana Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Muumini anayeambiwa aache dawa, ziwe za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ana haki ya kuuliza ushauri huo umetoka katika Ukristo upi. Na hapa makanisa makubwa hayawezi kujivua lawama yote. Miaka mingi kabla ya Shakahola, wahubiri wa uponyaji waliowaambia wagonjwa waache vidonge walisikilizwa katika redio na mikutano ya hadhara, na ni wachache waliowapinga kwa majina.

Yanayobaki

Serikali ya Kenya iliunda tume ya uchunguzi na jopo la kupendekeza namna ya kuyasimamia mashirika ya kidini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa. Mapendekezo ya kuyasimamia makanisa yamezua mjadala mkali: Katiba ya Kenya inalinda haki ya kuishi katika kifungu cha 26 na uhuru wa dini katika kifungu cha 32, na viongozi wengi wa dini wanahofia kwamba serikali ikipewa kalamu ya kuamua fundisho lipi ni sahihi, haitaiweka chini. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, mwezi Julai 2025 makaburi mengine yaligunduliwa Kwa Binzaro, katika Kaunti hiyohiyo ya Kilifi, na polisi wakaanza tena kufukua.

Familia za marehemu zina swali la kwao, ambalo wachungaji na mapadre wa pwani hawawezi kulikwepa: je, ndugu zao wamepotea milele? Zamani makanisa mengi yalimnyima aliyejiua maziko ya Kikristo. Leo msimamo umelainika. Katekisimu ileile inayokataza kujiua inasema kwamba hofu kubwa, mateso na matatizo makali ya akili hupunguza dhima ya mtu, na kwamba hatupaswi kuukatia tamaa wokovu wa waliokufa kwa namna hiyo. Kwa aliyedanganywa, akatengwa na ndugu, akadhoofishwa kwa njaa hadi asiweze kufikiri, na pengine akazuiwa kuondoka, ni vigumu hata kusema kwamba alijiua.

Miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa kwa familia mwezi Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa. Ili mwili utambuliwe, vinasaba vyake hulinganishwa na sampuli ya ndugu wa damu aliye hai. Pale ambapo baba, mama na watoto waliingia msituni pamoja, anayetafutwa ni shangazi, mjomba au binamu aliyebaki nyumbani, ambaye lazima kwanza ajue kwamba walikuwa huko, kisha ajitokeze.